Raketi Mbili, Nyumba Moja: Mabinti wa Misri, Skwoshi na Ndoa



Kila msimu wa harusi unapokaribia, maswali yanayotufikia huwa ni yale yale: hina ya mtindo gani, singo ianze lini, nguo ya siku ya akdi ishonwe wapi. Katikati yake liko swali jingine, linaloulizwa kwa sauti ya chini zaidi. Bibi harusi ni mwalimu, au anashona, au bado yumo chuoni, au ana kipaji alichokilea tangu utotoni, naye anataka kujua: nikishaolewa, hiki nitakiweka wapi?

Tumeona tulitazame swali hili kupitia historia, na tumeichagua historia ya mabinti wa Misri katika mchezo wa skwoshi. Misri si ngeni kwa watu wa visiwani; kizazi baada ya kizazi vijana wetu wamekwenda Cairo kusoma Al-Azhar na kurudi na elimu. Ni nchi yenye Waislamu wengi, ambako ndoa ina uzito mkubwa kama ilivyo kwetu, na wazee wana neno lao katika maisha ya binti. Humo humo wametoka wanawake waliofika kileleni mwa dunia, na baadhi yao walifika wakiwa ndani ya ndoa. Wamefikaje, na nyumba zao zilikuwa na mchango gani?

Mchezo wenyewe, na ulivyofika Misri

Skwoshi huchezwa na watu wawili ndani ya chumba chenye kuta nne. Wote wawili huutazama ukuta wa mbele, kila mmoja na raketi yake, na katikati yao kuna mpira mdogo mweusi, mfano wa ndimu. Unaupiga ukutani, na mwenzako anaweza kuuacha udunde chini mara moja tu kabla ya kuurudisha. Akishindwa, pointi ni yako. Seti moja ina pointi 11, na mshindi ni anayetangulia kuchukua seti tatu. Mkifika 10 kwa 10, lazima mmoja amzidi mwenzake kwa pointi mbili. Kwetu Afrika Mashariki viwanja vyake vimo katika vilabu vya zamani, kama Gymkhana ya Dar es Salaam.

Mchezo huu ulizaliwa Uingereza katika karne ya 19, kwenye skuli ya Harrow, ukafika Misri pamoja na maafisa wa Kiingereza. Ukakaa kwenye vilabu vyao, kama kile cha Gezira cha Cairo kilichoanzishwa mwaka 1882. Wamisri waliupokea mapema. F. D. Amr Bey, mwanadiplomasia ambaye baadaye alikuwa balozi wa nchi yake London, alishinda British Open mara 6 mfululizo katika miaka ya 1930. Mahmoud Karim akalichukua taji hilo mara 4, kuanzia 1947 hadi 1950. Mwaka 1951 Hashim Khan wa Pakistan akamng'oa. AbouTaleb alilirudisha Misri kwa muda katika miaka ya 1960, kisha nchi hiyo ikasahaulika kileleni. Enzi ikawa ya Jahangir Khan na Jansher Khan, wote wa Pakistan.

Katika majina haya ya Misri hakuna hata la mwanamke mmoja. Kufikia miaka ya 1990 Misri ilikuwa inaanza kuinuka upya kwa wanaume, na kwa wanawake ndiyo kwanza ilikuwa inajifunza kutembea.

Chumba cha kioo mbele ya piramidi

Mwaka 1996 kilijengwa kiwanja cha kuta za kioo mbele ya piramidi za Giza kwa ajili ya mashindano ya Al-Ahram. Kijana wa Misri, Ahmed Barada, akafika fainali na kushindwa na Jansher Khan. Hata hivyo, watoto wa Cairo na Alexandria walishaona kwamba mtu wa kwao anaweza kusimama mbele ya bingwa wa dunia, na vilabu vikapata watoto wengi wa kufundisha.

Vilabu hivi vinahitaji kuelezwa, kwa sababu ndivyo vilivyowatengeneza wachezaji. Kilabu cha Misri ni mahali pa familia nzima. Watoto huja baada ya skuli, mama amekaa na wenzake, bibi na shangazi nao wapo. Binti anacheza ndani ya macho ya watu wake, kwa hiyo mzazi hana hofu ya kumtoa nyumbani. Na kwa kuwa vilabu vikubwa viko zaidi Cairo na Alexandria, watoto wenye vipaji hukutana mara kwa mara na kunoana. Tuseme pia ukweli kwamba uanachama wa vilabu hivi unagharimu, na mchezo huu umekuwa zaidi wa watoto wa wenye uwezo kidogo. Si kila binti wa Misri aliipata nafasi hiyo.

Tunda la kwanza kubwa lilionekana mwaka 2003. Omneya Abdel Kawy alikuwa bingwa wa dunia wa wasichana, mashindano yakifanyika Cairo, nyumbani kwao. Mwaka huo huo Amr Shabana alishinda ubingwa wa dunia wa wanaume kule Lahore, Mmisri wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 2008, tena Cairo, Omneya, Raneem El Welily na wenzao waliipa Misri kombe la dunia la timu za wanawake kwa mara ya kwanza. Mwaka 2010, Sharm El Sheikh, Omneya akawa mwanamke wa kwanza wa Misri kucheza fainali ya ubingwa wa dunia. Alishindwa na Nicol David, binti wa kisiwa cha Penang, Malaysia, aliyekaa namba moja wa dunia kwa miezi 108 bila kushuka. Omneya hakulipata taji la wakubwa, ila njia aliyoifyeka ndiyo waliyoipita wenzake.

Binti katika nyumba ya wazazi

Kabla ya nyumba ya ndoa kuna nyumba ya wazazi. Nour El Sherbini alizaliwa Alexandria mwaka 1995. Mwaka 2009, akiwa na miaka 13, alishinda ubingwa wa dunia wa wasichana kule Chennai, India, dhidi ya wasichana wa hadi miaka 18. Mtoto wa umri huo hajipeleki India peke yake. Kuna watu wazima walioamua kwamba kipaji cha binti huyu kinastahili nauli, kocha na muda wao.

Mwaka 2014, akiwa na miaka 18, alifika fainali ya dunia ya wakubwa kule Penang, akapoteza kwa seti tano mbele ya Laura Massaro wa Uingereza. Miaka miwili baadaye walikutana tena katika fainali ya dunia, Kuala Lumpur. Nour alipoteza seti mbili za mwanzo, akazishinda tatu zilizofuata, na akiwa na miaka 20 akawa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote waliomtangulia upande wa wanawake. Kufikia 2025 alikuwa amefikisha mataji 8 ya dunia, sawa na Nicol David.

Raneem na Tarek

Raneem El Welily naye ni wa Alexandria, amezaliwa mwaka 1989. Alikuwa bingwa wa dunia wa wasichana mwaka 2005 na tena 2007. Kila mtu aliona kipaji chake, na kila mtu alingoja siku ambayo angemshinda Nicol David katika fainali kubwa.

Siku hiyo ilionekana imefika Desemba 2014, tena Cairo, mbele ya watu wake. Raneem aliongoza kwa seti mbili kwa moja. Katika seti ya nne alikuwa mbele kwa 10 kwa 6. Alihitaji pointi moja tu kuwa bingwa wa dunia, na alikuwa na nafasi nne za kuipata. Nicol aliziokoa zote nne, akaichukua seti hiyo kwa 14 kwa 12, kisha akashinda na ya tano.

Mwanamke aliyepitia jambo kama hilo hurudi nyumbani, na anayemfungulia mlango ni nani huwa ni jambo kubwa. Mume wa Raneem ni Tarek Momen, mzaliwa wa Cairo, mhandisi kwa kusomea, na wakati huo alikuwa mchezaji wa skwoshi wa kulipwa kama mkewe. Hakuhitaji kuelezwa maana ya kupoteza pointi nne za ushindi.

Septemba 2015 Raneem alimtoa Nicol David kwenye nafasi ya kwanza ya dunia, akawa mwanamke wa kwanza Mwarabu kukaa hapo katika mchezo huu. Desemba 2017, Manchester, akamshinda Nour El Sherbini kwenye fainali baada ya kupoteza seti ya kwanza, na taji lililomponyoka Cairo likawa lake.

Sasa mtazameni mume. Wakati mkewe ni bingwa wa dunia, Tarek alikuwa bado hajawa. Alikuwa miongoni mwa wachezaji bora duniani, lakini taji kubwa hakulishika. Kwa karibu miaka miwili nyumba yao ilikuwa na bingwa mmoja, naye ni mke. Kwenye jamii zetu tunajua jinsi jambo kama hili linavyoweza kuvunja nyumba: mke anapata cheo, mshahara unamzidi mumewe, maneno ya watu yanaanza, na mume anaona heshima yake imepungua. Tarek aliendelea kucheza na kuwa mume wa Raneem. Novemba 2019, Doha, akiwa na miaka 31, akamshinda Paul Coll wa New Zealand kwa seti tatu bila na kuwa bingwa wa dunia. Wakawa mke na mume wa kwanza katika mchezo huu ambao kila mmoja amewahi kuwa bingwa wa dunia.

Juni 2020 Raneem alitangaza kustaafu. Alikuwa na miaka 31, na siku hiyo bado alikuwa namba moja wa dunia. Nafasi yake ilichukuliwa na Nouran Gohar, Mmisri mwenziwe. Aliondoka kwa uamuzi wake, akiwa juu, wakati aliouona unamfaa.

Nour na Ali

Nyumba ya pili ni ya Nour El Tayeb na Ali Farag. Nour, mzaliwa wa Cairo mwaka 1993, alikuwa bingwa wa dunia wa wasichana mwaka 2011. Ali alikwenda Marekani kusoma uhandisi Harvard, akamaliza mwaka 2014, na alikuwa njia panda: ashike kazi ya kisomo chake au acheze kwa kulipwa. Nour alikuwa miongoni mwa waliomshawishi ajaribu uwanja. Aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mara 4 na namba moja wa dunia alianza safari hiyo kwa kuhimizwa na binti aliyemwoa baadaye.

Oktoba 2017, kwenye US Open ya Philadelphia, Nour alimshinda Raneem El Welily katika fainali ya wanawake. Siku ile ile Ali alimshinda Mohamed ElShorbagy katika fainali ya wanaume. Nyumba moja ilirudi na makombe mawili ya mashindano mamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla yao kwa mke na mume katika mashindano makubwa ya aina hiyo.

Tukiishia hapo hadithi ingekuwa tamu kupita kiasi. Machi 2019, Chicago, mashindano ya ubingwa wa dunia yalitoa zawadi ya jumla ya dola milioni 1, nusu kwa wanaume na nusu kwa wanawake. Ali alifika fainali na Nour naye alifika fainali. Ali alishinda, likawa taji lake la kwanza la dunia. Nour alipigana hadi seti ya nne, iliyokwisha 15 kwa 13, lakini mshindi alikuwa Nour El Sherbini. Na unajua Ali alimshinda nani? Tarek Momen, mume wa Raneem.

Basi nyumba moja ilipata furaha na huzuni kwa pamoja, na kila mmoja akatakiwa kuyabeba ya mwenzake: mume amfurahie mkewe na huku anaumia, mke amshangilie mumewe na huku machozi yake hayajakauka. Ndoa nyingi zina siku kama hizo hata kama hakuna kombe. Mume amepata kazi siku ambayo mke amenyimwa nafasi ya masomo. Mke biashara yake imechanua mwaka ambao duka la mume limefungwa. Siku hizo ndizo zinazoonyesha nyumba imejengwa kwa udongo gani.

Mwaka 2021 Nour alijifungua mtoto wa kike. Mwaka 2022 akarudi uwanjani, akapanda tena hadi kuwa miongoni mwa kumi bora duniani. Katika mchezo huu, kama ilivyo katika kazi nyingi, watu walizoea kuhesabu uzazi kuwa ndio mwisho. Kurudi kwake kulihitaji mwili uliopona kwa subira, jamaa wa kusaidia malezi, na mume anayejua kwamba mtoto ni wa wote wawili.

Na stara je?

Tunajua swali hili lipo, na hatutalikimbia. Wachezaji wengi tuliowataja hucheza mbele ya kadamnasi, wanaume na wanawake, kwa mavazi ya mchezo. Hatuwaleti hapa wawe kipimo cha vazi. Kila mmoja ana hesabu yake na Mola wake, na mizani ya stara tunaijua kutoka kwa Mola na Mtume wake. Tunachokitazama kwao ni namna familia zilivyokilea kipaji na namna ndoa zilivyokibeba.

Mchezo wenyewe haugongani na stara. Unachezwa ndani ya chumba, watu wawili tu, bila kushikana. Ukipangwa muda wa wanawake peke yao, mlango ukafungwa, dada anaweza kucheza akiwa huru kabisa. Na anayetaka kucheza na hijabu yake na suruali pana, mpira hautajali.

Wala mke na mume kushindana kwa furaha si jambo la kuletwa na Wazungu. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Bi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) wakiwa safarini, na Bi Aisha akashinda. Baadaye, mwili wake ulipokuwa mzito, walishindana tena na Mtume (s.a.w.) akashinda, akamwambia kuwa hii ni kwa ile. Alishindwa na mkewe bila kukasirika, na alipomshinda alimtania kwa upole. Mume anayeona ushindi wa mkewe ni fedheha kwake, na aisome hadithi hii polepole.

Kabla ya akdi

Tukirudi kwenye swali la bibi harusi, historia ya nyumba hizi mbili inatuonyesha mambo matatu.

La kwanza, hawa wanaume waliwaona wake zao walivyo kabla ya ndoa. Tarek alimjua Raneem akiwa mchezaji, na Ali alimjua Nour hivyo hivyo. Hakuna aliyeshtuka baada ya fungate kwamba mke anasafiri na kufanya mazoezi. Dada yetu, kama unataka kuendelea na masomo, kazi au biashara, lisemwe wakati wa posa, wazee wakiwepo, kwa maneno yaliyo wazi. Kutegemea kwamba "ataelewa tu" ndiko kunakoleta kesi kwa kadhi. Na ukitaka liwe sharti ndani ya akdi, waulizeni masheikh wenu mapema namna ya kuliandika.

La pili, pato lilijulikana ni la nani. US Open ilikuwa ya kwanza kati ya mashindano makubwa ya skwoshi kuwapa wanawake zawadi sawa na wanaume, mwaka 2013. Dini yetu ilishampa mwanamke haki ya kumiliki chumo lake karne nyingi kabla ya hapo. Akimsaidia mumewe, ni ihsani na ana thawabu; isiwe kodi ya kuruhusiwa kufanya kazi.

La tatu, kila mmoja aliruhusiwa kuamua wakati wake. Raneem alistaafu akiwa namba moja. Nour alizaa na akarudi. Hatuwezi kusema mmoja alichagua vyema kuliko mwenzake. Anayeamua kukaa nyumbani kulea, kwa ridhaa yake, kazi yake ni tukufu. Kinachoumiza ni pale mwanamke anapoiacha kazi yake kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Skwoshi itachezwa kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2028, Los Angeles. Huenda wakati huo mkayasikia tena majina ya mabinti wa Misri, na mkakumbuka kwamba nyuma ya raketi zile kuna mama waliokaa pembeni ya viwanja jioni baada ya jioni, na waume waliojifunza kupiga makofi.

Mwenyezi Mungu awajaalie mabibi harusi wetu waume wenye vifua vipana, awape nyumba zenye utulivu na mapenzi, na avitie baraka vipaji alivyowapa. Amin.